Mfuko wa Paa: Hotuba ya Kwaya Siku ya Jubilei



Katika vijitabu vya jubilei, hotuba ya kwaya huwa ni ya shukrani na historia. Shukrani zetu zipo, na majina ya marehemu wetu mtayakuta mwishoni ili yasomwe kwa utulivu wakati wa Misa. Lakini tumemwomba Baba Paroko ruhusa ya kuitumia nafasi hii kuzungumzia paa.

Wanaokaa upande wa Mama Maria hawahitaji kuelezwa. Kila masika makarai hupangwa chini, na mvua ikizidi hata mahubiri hayasikiki kwa mlio wa matone. Mwaka huu alto wamehamia kwa tena Jumapili mbili kwa sababu mahali pao palikuwa bwawa. Mwenye kinanda anafunika vyombo vyake kwa nailoni kama mama wa sokoni Gikomba anavyofunika nguo zake. Tumecheka, tumezoea, na hilo la kuzoea ndilo linalotutia hofu, kwa sababu maji hayakuzoea. Yanaingia kwenye mbao, mbao zinaoza, mchwa wanapata njia, kisha maji yanateremka ukutani na kula mawe.

Halmashauri ilileta mafundi wakapanda juu, na baadhi yetu tulikuwepo waliposhuka. Habari njema ni kwamba vigae vyenyewe, vile vya udongo mwekundu vya zamani, vingi vizima. Kigae cha udongo kilichochomwa vizuri huishi kuliko aliyekipanga. Kilichokwisha ni mbao nyembamba zinazovishikilia, misumari iliyoliwa na kutu, na mabati ya pale mapaa mawili yanapokutana. Kwa hiyo kazi ni kuvishusha vigae kimoja kimoja, kuvihesabu, kuviosha, kubadilisha mbao, na kuvirudisha. Ni kazi ya polepole na ya mkono, na fundi anayeijua hapatikani kila kona. Kuna aliyeshauri tuvitupe vyote tuweke mabati ya rangi, tumalize kwa mwezi mmoja. Tuliomfuata mwenye wazo hilo kwa maswali tuligundua kwamba hakuwahi kukaa ndani ya kanisa la mabati mvua ikinyesha wakati wa zaburi ya wimbo wa katikati.

Upande wa sakristia na chumba chetu cha mazoezi ni habari nyingine. Hapo juu ni asbesto, kama majengo mengi ya mtaani ya miaka hiyo. Vumbi la asbesto linaingia kwenye mapafu na kukaa humo miaka mingi kabla ya kuleta ugonjwa. Sheria hairuhusu tuite vijana Jumamosi wapande na nyundo. NEMA inataka kazi hiyo ifanywe na mwenye leseni: shuka zinaloweshwa maji, zinashushwa bila kuvunjwa, zinafungwa kwa nailoni nzito na kwenda kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Tunaeleza haya kwa sababu mtu akiona makadirio yaliyobandikwa ubaoni, huuliza kwa nini kipande kidogo cha sakristia kinagharimu hivyo. Ndiyo sababu. Na tunaomba kwa heshima, yeyote mwenye jamaa anayebomoa paa la namna hiyo nyumbani kwa kutumia watoto wa mtaa, amwambie leo.

Sasa tuseme jambo ambalo limeleta maneno ndani ya kwaya, maana hakuna siri mtaani.

Kwa miaka mitatu tulikuwa tukichanga pesa za sare za jubilei. Kitambaa kilikuwa kimeshachaguliwa, fundi wa nguo ameshapima besi wote, hata wale wanaojificha. Mwezi wa tano tulikaa chumba cha mazoezi, karai katikati yetu, tukapiga kura, na pesa zile zikaenda kwenye Mfuko wa Paa. Haikuwa kura ya wote. Wapo waliokataa, na sababu zao zilikuwa za maana: sare ni heshima ya ibada, na kuna wenzetu waliochanga kutoka kwenye mishahara ya vibarua wakitamani siku moja katika miaka 50 wasimame wamependeza kama kwaya za redioni. Tumewasikia. Leo mnatuona na sare za mwaka ule wa zamani, nyingine zimepauka, nyingine zimeongezwa kiunoni. Hatukuvaa hivi ili tuonewe huruma. Tumevaa hivi kwa sababu hatukuweza kuwaomba nyinyi mtoe kabla sisi hatujatoa.

Katika mkutano huohuo lilitolewa pendekezo la pili, na hilo lilikuwa tamu zaidi: tumwite mheshimiwa awe mgeni rasmi. Aje na wenzake, aketi mbele, tuimbe wimbo wenye jina lake ndani, afungue mfuko. Siku moja na paa limekwisha. Tulilijadili saa mbili. Wengi wenu mlikuwa mnajiuliza kwa nini leo hakuna hema la wageni mashuhuri, basi tutawaeleza, na itabidi tuanzie kwa jirani zetu.

Tarehe 17 Novemba 2024, siku ya Jumapili, Rais alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole. Alitoa shilingi 2,000,000 za kujenga nyumba ya mapadre, na shilingi 600,000 kwa kwaya na Baraza la Kimisionari la parokia. Aliahidi shilingi 3,000,000 nyingine na basi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu wetu, Mhashamu Philip Anyolo, alitoa taarifa kwamba fedha hizo zirudishwe kwa waliozitoa na kwamba ahadi hazipokelewi. Taarifa ilieleza kwamba michango na mikutano ya Kanisa isigeuzwe kuwa jukwaa la kujijenga kisiasa, na kwamba Kanisa linapaswa kubaki huru. Nchi nzima ilizungumza. Wengine walipiga makofi, wengine walisema Kanisa linajivuna.

Sisi, kama kwaya, tulifikiria kwanza wanakwaya wa Soweto. Hao ni watu kama sisi. Wanafanya mazoezi baada ya kazi, wanachangia nauli, spika yao inakoroma. Jumapili wanapewa pesa mbele ya umati, Jumatatu wanasikia kwenye redio kwamba zimerudi. Hawakuiba, hawakuomba vibaya. Nyumba ya padre inahitajika Kayole kama paa linavyohitajika hapa. Hivyo hatuwataji ili kuwanyoshea kidole. Tunawataja kwa sababu hesabu ya pesa ile ilitufanya tunyamaze mkutanoni.

Mwenzetu mmoja wa tena, ambaye hushika daftari la kwaya, alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya nota. Shilingi 2,000,000 na 600,000 ni shilingi 2,600,000. Kisha akaandika hivi: mtu mmoja akitoa shilingi 50 kila Jumapili, kwa Jumapili 52 za mwaka, ametoa shilingi 2,600. Watu 1,000 wakifanya hivyo, ni shilingi 2,600,000. Ni kiasi kilekile, bila kupungua hata shilingi. Na katika Misa zetu zote za Jumapili, tukijumlisha na ile ya watoto, watu 1,000 ni wengi lakini si ndoto.

Shilingi 50 ni chai na mandazi. Tunajua kwamba kwa baadhi yetu hapa, hiyo chai na mandazi ndiyo chakula cha mchana, na hao hatuwadai kitu. Mfuko huu haumdai mtu. Lakini kuna wengi zaidi ambao shilingi 50 huwatoka mkononi kati ya kituo cha matatu na mlango wa nyumba bila kujua zimekwenda wapi.

Mtu anayetoa milioni mbili kwa mara moja ana haki ya kuulizia paa lake. Atataka kuzungumza baada ya komunyo. Mwaka wa uchaguzi atarudi, na nani atamnyima kipaza sauti? Mwaka 2021, akina ndugu zetu Waanglikana, kupitia Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, walitangaza kwamba wanasiasa wanakaribishwa kusali lakini hawatapewa mimbari. Tukio lilikuwa Butere, siku ya kusimikwa kwa mama wa kwanza kuwa askofu wa dayosisi katika Kanisa lao hapa Kenya, na waheshimiwa wenyewe walikuwa wameketi pale. Jambo hilo ni rahisi kulitangaza kama paa lako halina deni la mtu. Wakitoa watu 1,000, hakuna hata mmoja wa kuimbiwa.

Haya si mawazo mageni. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA walikutana hapahapa Nairobi wakasema wanataka Kanisa la Afrika Mashariki lijihudumie, lijieneze na lijitegemee lenyewe. Jumuiya ndogo ndogo tunazokutana sasa nyumba kwa nyumba zilitiwa nguvu na mpango huo. Kwaya hii ilianza miaka miwili baadaye, 1975, Kadinali Maurice Otunga akiwa Askofu Mkuu wetu. Kwa hiyo sisi ni watoto wa kujitegemea, ingawa kwenye mambo ya spika tumekuwa tukijitegemea kwa kukopa.

Biblia nayo ina habari ya mfuko wa paa, na tunashangaa haisomwi zaidi. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, mfalme Yoashi aliagiza makuhani wapokee fedha za watu na kutengeneza nyumba ya Bwana palipobomoka. Ukafika mwaka wa 23 wa utawala wake, na nyufa zilikuwa palepale. Maandiko hayasemi kuna aliyeiba. Pesa ziliingia tu, zikapita, na kazi haikuonekana, jambo ambalo kamati yoyote ya Nairobi inalielewa. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zikijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, wakazifunga, wakawapa mafundi: seremala, waashi, wachonga mawe, na za kununua mbao. Kisha mwandishi wa kitabu anaongeza jambo lililotugusa: fedha hizo hazikutumiwa kutengeneza mabakuli ya fedha wala tarumbeta. Kwaya ya Yerusalemu ilisubiri tarumbeta zake. Tulipofika mstari huo katika tafakari yetu, mwalimu wetu alifunga Biblia, na suala la kinanda kipya halijatajwa tena.

Sanduku letu liko kando ya mlango mkubwa, seremala wetu wa Maringo amelitengeneza bila malipo. Lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mhasibu wa parokia, wa pili anao mwakilishi wa jumuiya, na kila mwezi jumuiya nyingine inashika zamu. Tunahesabu baada ya Misa ya pili, mbele ya yeyote anayetaka kukaa kutazama. Anayetuma kwa M-Pesa, namba ya parokia iko nyuma ya kijitabu. Aandike neno PAA. Hatutasoma majina na kiasi kwa kipaza sauti. Tumewahi kuwa kwenye harambee ambapo mjane alitajwa baada ya mwenye duka, na watu wakacheka. Hapa halitatokea.

Mtu ataniuliza, mbona majengo makubwa hupata wafadhili wakubwa? Hupata. Kanisa kuu la Kristo kule Zanzibar, lililojengwa kwenye lililokuwa soko la watumwa Mkunazini, lilikarabatiwa miaka michache iliyopita kwa msaada wa shirika la kimataifa la kutunza majengo ya kale na fedha za Umoja wa Ulaya. Tunafurahi kwa ajili yao. Historia ile ni ya dunia nzima. Lakini watalii hupanga mstari Mkunazini na kulipa kiingilio. Mtalii akionekana Jogoo Road, amepotea njia, tumwonyeshe kituo.

Na hata penye wakubwa, mambo si kama yanavyotangazwa. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, matajiri waliahidi mamia ya mamilioni muda mfupi baadaye. Baadaye walilipa, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Lakini katika wiki za mwanzo, wakati majivu yalikuwa bado yanafagiliwa, mishahara ya wafanyakazi ililipwa hasa kwa michango midogo ya watu wa kawaida, maana ahadi zilikuwa bado zinasubiri mikataba. Fundi wetu naye hulipwa Jumamosi. Ahadi hazimnunulii unga.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha, na hii inatuuma zaidi ya mvua. Mnaona yanayotokea Eastlands. Nyumba za zamani za Pangani zimekwisha kubomolewa, na ghorofa ndefu zimesimama mahali pake. Mipango hiyohiyo imekuwa ikizitaja Bahati, Ziwani, Maringo, Jericho, Makongeni. Hatuko hapa kubishana kama ghorofa ni nzuri au mbaya. Aliyelala watu wanane chumba kimoja na kupanga foleni ya choo ana haki ya kutaka nyumba bora. Ila fikirini: vile vyumba vilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wanaume wafanyakazi, na wazee wetu wakaleta wake, wakazaa, wakageuza kambi za vibarua kuwa mitaa. Ofafa na Mbotela ni majina ya madiwani waliouawa miaka ya Hali ya Hatari. Nyumba zikiondoka, nini kitabaki ambacho mzee anaweza kumwonyesha mjukuu na kusema, hapa ndipo tulipofungia ndoa, hapa ndipo bibi yako aliimba? Kitabaki jengo hili, kama litakuwa na paa.

Jambo hilo pia linagusa mfuko. Nusu ya kwaya hii haikai tena mtaani. Tumehamia Ruai, Utawala, Kitengela, Mlolongo, na Jumapili tunatoka saa kumi na moja alfajiri ili tufike Misa ya kwanza. Huko tulikohamia kuna parokia changa zinazojenga, na wengi wetu tumeandikishwa katika jumuiya za huko. Mapadre wa huko hawatafurahi tukiwavuta watu wao, nasi hatutaki ugomvi. Kwa hiyo tunasema wazi kwa wanakwaya wa zamani mliokuja leo: zaka na mchango wenu wa kila mwezi upelekeni mnakosali sasa. Hapa tunawaomba jambo moja tu, kila mmoja agharamie vigae vyake. Halmashauri imekadiria gharama ya kushusha, kuosha na kurudisha kigae kimoja, na karatasi iko mezani kwa CWA. Chukua kumi, chukua mia, chukua vya mama yako aliyelala Lang'ata. Jina lako halitaandikwa kwenye kigae. Mafundi wameshatuonya kwamba rangi inaziba vinyweleo vya udongo.

Sisi wanakwaya tutafanya yafuatayo zaidi ya pesa za sare. Kila Jumapili ya mwisho ya mwezi tutaimba saa tisa alasiri hapa kanisani, bila kiingilio, sanduku likiwa mlangoni. Tunaanza na nyimbo za 1975, zile ambazo wazee walijifunza kwa kukariri kwa sababu nota hazikuwepo. Arusi na misiba tutaendelea kuimba kama kawaida. Kwenye msiba hatutapokea bahasha, na kwenye arusi bahasha itaingia sandukuni ikiwa imefungwa. Mikutano ya siasa tumekataa, na tunaomba msitutumie watu wa kutubembeleza.

Kazi inaanza upande wa Mama Maria, kabla ya mvua za Oktoba kama vibali vitatoka mapema. Kwa muda huo Misa ya kwanza itakuwa ukumbini na kwaya itasimama kwenye ngazi. Asbesto itaondolewa wakati shule ya chekechea imefungwa. Vijana wanaotaka kuosha vigae waje na ndoo na brashi, jina aandikishe kwa katibu wa vijana. Viatu vya kufunika vidole ni lazima. Hesabu ya kwanza ya sanduku itabandikwa ubaoni Jumapili ijayo, karibu na orodha ya wagonjwa.

Soprano wameshaanza kusimama, ishara kwamba tumezidisha dakika. Wimbo unaofuata uko ukurasa wa tisa, na wazee wanaoujua bila kitabu wanakaribishwa kuja mbele.